Wiki Hii Atapiga

"Aliyenyamaza atapiga," alisema Bibi Karata. "Wiki hii, wapenzi wangu wa nyota ya Samaki. Wiki hii hii. Atapiga."

Dada Pasi aliisimamisha pasi, akairudisha video nyuma kwa kidole, akasikiliza tena.

"Umesikia, au nije nikuzibue masikio?" aliuliza Bi Sabuni kutoka kwenye beseni lake.

"Nimesikia."

"Basi lete simu yangu kabla hujaimaliza chaji."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, duka la dobi ndio kwanza limefunguliwa, na joto la pasi lilikuwa halijafika mlangoni. Kila Jumatatu mambo yalianza hivyo. Bi Sabuni hakutia nguo majini kabla hajajua mapenzi ya wiki yamekaaje, ingawa mumewe alikuwa nyumbani amelala zake na hakuna karata iliyowahi kumwamsha. Huyo Bibi Karata hakuonyesha uso. Ilionekana mikono yake tu, pete kila kidole, na kitambaa chekundu alichozipanga juu yake karata zake za taroti, zile za kutazamia bahati, taratibu, kama mtu anayewatandikia wageni meza.

Karata ya Samaki wiki hiyo ilikuwa na malaika mawinguni, mashavu yamevimba, tarumbeta mdomoni. Chini yake watu walikuwa wakiinuka makaburini, mikono juu.

"Hii inaitwa Hukumu, lakini jina lisiwatishe," alikuwa amesema Bibi Karata. "Penzi mlilolizika linafufuka."

"Wewe si Samaki?" Bi Sabuni aliuliza akijua.

"Nimezaliwa Samaki."

"Na sasa uko kwenye kikaango. Haya, mtu kashasema atapiga. Weka simu yako karibu."

Dada Pasi hakuwa akiamini karata. Alikuwa akiamini chochote kitakachomwambia anachotaka kusikia, na hilo ni jambo lingine kabisa. Aliitoa simu yake mfukoni, akaiweka kwenye ncha ya meza ya pasi, kioo kikimtazama.

Aliyenyamaza alikuwa mmoja tu. Watu walimwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa lake, na alikuwa akipiga kwenye bendi ya ukumbi wa hoteli. Zamani, kabla mambo hayajaharibika, Nyuzi alimpigia simu kila jioni, na hakuanza kwa salamu kama watu. Aliiweka simu karibu na gitaa, akapiga kipande kifupi, noti nne tu, kisha akangoja. Hiyo ilikuwa hodi yake. Dada Pasi akisema "Karibu," ndipo mazungumzo yalipoanza. Asipolisema hilo neno, Nyuzi angezirudia noti zile nne mpaka majirani wachoke.

Kisha Mama akamwita nyumbani amwone.

Siku ile Mama aliongea kwa upole, na upole wa Mama ndio unaoumiza. "Mwanangu, wewe una heshima, sikatai," alimwambia Nyuzi. "Lakini kazi ya usiku ni ya mlinzi na ya mwizi. Baba wa huyu ni dereva wa malori. Nimelala peke yangu maisha yangu yote, na mume ninaye. Sitaki binti yangu aje kulala hivyo."

"Mama, muziki ndio kazi yangu."

"Gitaa hilo, na hizo simu zako za kila jioni, humu ndani hatusikilizani, mwisho wake nini?"

Nyuzi alikaa akiitazama mikono yake. Halafu akainuka. Mlangoni, akivaa viatu, alimtazama Dada Pasi kwa macho yaliyojaa maji, akasema maneno mawili.

"Sitapiga tena."

Akaenda. Na kweli hakupiga. Jioni ile simu ilinyamaza, na ya kesho yake, na zote zilizofuata mpaka msimu ukageuka. Mwanamume akikuambia hatapiga, wewe utampigia umwambie nini? Dada Pasi alikuwa na majivuno yake, na majivuno ni blanketi fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Alilia akafuta machozi, akaenda kupiga pasi mashati ya wanaume wengine.

*

Jumatatu hiyo hiyo jioni Mama alikuwa sebuleni akishona kifungo cha blauzi.

"Yule Daktari anakuja Jumapili na dada yake," alisema bila kuinua macho. "Anataka jibu."

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa kwenye kona, mjane, mtaratibu, mwenye kucha safi. Watu walimwita Daktari naye hakuwakatalia.

"Mama, niachie wiki hii."

"Wiki hii ina nini?"

"Ina siku."

Mama alicheka kabla hajajizuia, akaukata uzi kwa meno. "Haya. Subira yavuta heri. Ila sikiliza. Jumapili wakipiga hodi, sitaitika mimi. Ukisema karibu, nimejua umekubali. Ukinyamaza, nimejua pia, na nitawapokea mimi kama wageni wengine waondoke zao. Sitakuuliza tena."

"Neno moja tu?"

"Moja linatosha. Mimi nilisema 'ndiyo' kwa baba yako nikakaa nayo mpaka leo."

Dada Pasi alikwenda chumbani kwake, akakaa kitandani. Moyoni alikuwa ameshafunga mapatano na nafsi yake. Nyuzi akipiga wiki hii, Daktari atarudi na salamu zake. Asipopiga, basi, atamkaribisha mtu wa watu, maisha yaendelee. Aliiweka simu juu ya mto wa pili, ule ambao haulaliwi na mtu.

*

Jumanne aliizima redio ya dukani.

"Mbona umetuzimia muziki?" Bi Sabuni alilalamika. "Nitafuaje bila ngoma? Nguo hazitatakata."

"Nitashindwa kusikia simu."

"Simu yenyewe iko chini ya pua yako! Ikiita utaiona inatetemeka kama mwenye homa."

"Naogopa nisije nikawa nimegeuka."

Bi Sabuni alirudi kwenye beseni lake. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alijua pa kuyaachia. Siku nzima walifanya kazi kwenye kimya, maji upande mmoja na mvuke upande mwingine, na Dada Pasi akagundua kwamba duka bila muziki lina sauti nyingi ambazo hakuwahi kuzisikia: tone la bomba, hanga zikigongana, pumzi yake mwenyewe.

Nyumbani alioga simu ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, imening'inizwa kwenye msumari wa taulo. Alikula huku ameielekea. Mama aliona, akaongeza chakula kwenye sahani ya binti yake ambayo ilikuwa bado imejaa.

Jumatano, jua likielekea kuzama, simu iliita chumbani kwake.

Aliifuta mikono kwenye gauni, akaipokea bila hata kusoma namba, akangoja zile noti nne.

"Haloo?" ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Mwanangu, umefika salama?"

Dada Pasi alifumba macho. "Bibi, nadhani umekosea namba."

"Si wewe? Wa saluni?"

"Si mimi, Bibi. Mimi ni wa dobi."

"Ah, macho haya! Nisamehe mwanangu, nimekusumbua."

"Hujanisumbua." Kisha, kabla yule bibi hajakata, akasikia mdomo wake ukisema, "Hujambo lakini, Bibi?"

"Sijambo. Miguu tu."

"Miguu imefanya nini?"

Basi bibi akamweleza habari za miguu. Akamweleza na za binti wa saluni ambaye hapigi simu mpaka apigiwe, na za paka aliyehamia kwa jirani kwa sababu jirani ana samaki. Dada Pasi aliketi ukingoni mwa kitanda akisikiliza yote, akiitika pale pa kuitikia. Walipoagana, bibi alisema, "Mungu akupe wa kukupigia, mwanangu, una masikio mazuri." Dada Pasi alijibu amina. Alikaa na ile simu iliyopoa mkononi mpaka chumba kikaingia giza, wala hakuwasha taa.

*

Alhamisi Daktari mwenyewe alileta makoti yake meupe dukani.

"Habari za kazi?"

"Nzuri. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo nayo itabidi tuiache siku moja," alisema, akatabasamu kwa haya. Aliyaweka makoti mezani, yameshakunjwa vizuri hata yakionekana hayahitaji pasi. Bi Sabuni alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa, akaingia ndani.

"Humu kuna utulivu leo," alisema Daktari. "Huwa mna redio."

"Tumeizima."

"Afadhali. Mimi muziki sina ugomvi nao, ila kelele siziwezi. Nyumba yangu ni kimya. Tangu marehemu aondoke, nikirudi jioni nasikia saa ya ukutani tu." Aliinyoosha kola ya koti la juu. "Wakati mwingine hata hiyo saa naitoa betri."

Dada Pasi aliinua uso akamwangalia, na kwa mara ya kwanza akamwona. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa mpweke kama yeye, na yawezekana zaidi. Dada Pasi alijiona ameketi mezani kwa mtu huyo jioni, wawili wamekaa pamoja, kila mmoja akisikiliza kimya cha mwenzake.

"Na ukiwa kazini," aliuliza, "unapenda kupiga simu nyumbani? Kusalimia tu?"

"Mimi? Hapana, si mtu wa kupiga simu. Natuma ujumbe. Ujumbe unaeleweka, hauna makosa."

"Kweli," alisema Dada Pasi. "Makoti yatakuwa tayari kesho."

Alipoondoka Bi Sabuni alirudi akijipangusa povu viwikoni. "Mume ni huyo, hana doa wala harufu ya jasho," alisema. "Ila ukiolewa na huyo, mimi nitakuletea redio ya siri." Alipoona mwenzake hacheki, akamshika bega kwa mkono uliolowa. "Mdogo wangu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Si umpigie wewe?"

"Alisema yeye hatapiga. Nikampigie nijidhalilishe?"

"Na Bibi Karata kasema atapiga."

"Basi na apige."

*

Ijumaa ilipita kama mgonjwa anayetembezwa uani. Jumamosi ndiyo siku ya mashati ya bendi.

Kila Jumamosi dereva wa hoteli alileta furushi la mashati meupe ya wanamuziki, akalitupa kaunta, akaondoka. Dada Pasi aliyajua yote bila majina. La mpiga ngoma lilichanika kwapani. La Mapafu, mpiga tarumbeta, kola yake ilikuwa pana kuliko za wote. Na lilikuwapo moja ambalo bega lake la kushoto lilikuwa limeng'aa na kulika, pale mkanda wa gitaa unapokaa. Shati hilo halikuwa limeletwa tangu siku ile Nyuzi alipoitwa na Mama. Alijua maana yake. Nyuzi alikuwa amepata mtu mwingine wa kumpigia pasi.

Jumamosi hiyo dereva alikuwa mgonjwa, akaja Mapafu mwenyewe, kifua mbele, furushi begani.

"Dada Pasi! Bado upo? Nikadhani umeshaolewa na dawa za kikohozi."

Mji hauna siri. Dada Pasi alifungua furushi, akaanza kuyatenganisha mashati. Aliyapekua mpaka la mwisho, akayarudia tena. Majivuno yalimshika mkono, akayasukuma.

"Kuna shati halipo," alisema.

"Yote hayo hapo."

"La bega lililolika."

Mapafu aliacha kutabasamu. "La Nyuzi? Si lipo kwake limening'inia? Hapigi yule, tangu alipotoka kwenu. Siku hizi anauza misumari, duka la vifaa vya ujenzi. Bendi nzima tulimsihi, akakataa. Alisema ameapa mbele ya mama yako, na mbele yako."

"Ameapa nini?"

"Kwamba hatapiga tena." Mapafu alimshangaa. "Ulikuwepo, wewe. Alikuambia mlangoni."

Pasi ilikuwa imelala juu ya kitambaa. Harufu ya kuungua ilianza kupanda, naye hakuisikia.

"Gitaa," alisema taratibu. "Alikuwa anasema gitaa."

"Ulidhani anasema nini, ngoma? Aliacha gitaa kwa ajili yako, akakaa akingoja umwambie hata asante. Hukumwambia. Mtu mzima alilia pale nyuma ya jukwaa, mimi nikijifanya nafuta tarumbeta."

Bi Sabuni ndiye aliyekimbia kuinua pasi. Kwenye kitambaa cha meza palibaki alama ya kahawia, na mbele yake Dada Pasi amesimama, machozi yanamshuka bila sauti. Jamani, lugha hii yetu! Simu inapigwa, gitaa linapigwa, na mtu katikati anapigwa na vyote viwili.

Jioni aliingia sebuleni bila kuvua viatu.

"Mama, siku ile Nyuzi alisema hatapiga nini?"

"Gitaa," alijibu Mama. "Nilimuuliza mwisho wake nini, akasema hatapiga tena. Nikangoja arudi na kazi nimpe jibu. Hakurudi. Nikasema, ah, maneno ya wanamuziki."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie nini, mwanangu? Wewe ulikuwa umesimama karibu naye kuliko mimi."

*

Jumapili sebule ilifagiliwa mara mbili. Mama alivaa blauzi yenye kifungo kipya, akakaa akiuelekea mlango. Dada Pasi alikaa kwenye kiti cha dirishani, simu mapajani.

Atapiga, alikuwa amesema yule bibi wa pete. Atapiga nani? Neno lenyewe halisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Na kati yake na Nyuzi, aliyenyamaza zaidi ni nani?

Alibonyeza ile namba ambayo vidole vyake havikuwa vimeisahau.

Iliita sana. Kisha ikapokewa.

"Umepiga," alisema Nyuzi hatimaye. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Nimepiga. Siku ile nilidhani unasema simu."

"Simu gani?"

"Uliposema hutapiga tena. Nilidhani hutanipigia simu."

Aliisikia pumzi yake ikikatika, halafu kitu kama kicheko ambacho hakikufika. "Nilikuwa nasema gitaa."

"Najua. Nimejua jana."

"Miezi yote hii."

"Miezi yote."

Mama alikuwa amegeuza shingo. Dada Pasi hakushusha sauti.

"Nasikia leo mna wageni," alisema Nyuzi.

"Wako njiani."

"Basi umenipigia kuniaga. Si vibaya. Umefanya uungwana."

"Nimekupigia upige."

"Nipige nini?"

"Gitaa. Piga."

"Nyuzi zimelegea zote. Vidole vyenyewe vimeshakuwa vya misumari. Na nilimwapia mama yako."

"Mama yuko hapa, anasikia. Kama ana neno ataniambia mimi. Piga hivyo hivyo."

Alisikia zipu ya mfuko ikifunguliwa, mbao ikigonga kiti, kisha uzi mmoja ukikazwa, ukilia vibaya, ukikazwa tena. Mama aliinuka nusu, akakaa tena. Pengine alikuwa amekumbuka vitanda vyake mwenyewe, na kwamba alilala peke yake kwa kumngoja mtu aliyempenda.

Nje, viatu vilikwaruza ngazi. "Hodi!" iliita sauti ya mfamasia, ya kistaarabu, si ya juu wala ya chini.

Mama alimtazama binti yake. Hakuitika, kama alivyoahidi.

Na hapo sikioni zikaja zile noti nne. Ya tatu ilikosewa, ya nne ilichelewa, na gitaa zima lilikuwa limeharibika sauti. Ilikuwa ovyo kabisa. Dada Pasi hakuwahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Karibu," alisema.

Alilisema kwa nguvu, kama mtu anayemwita aliye mbali. Mlango ukafunguliwa. Daktari alikuwa amesimama kizingitini na dada yake nyuma yake, uso umemchangamka kama wa mtu aliyetolewa gerezani, na alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Alimwona Dada Pasi dirishani, simu imebanwa sikioni kwa mikono miwili, mashavu yamelowa. Ndani ya ile simu, kwa mbali, gitaa bovu lilikuwa likiendelea.

Mfamasia alisimama akisikiliza mpaka alipoelewa.

"Naona mna mgeni tayari," alisema taratibu, akainama kukitafuta kiatu chake.